Mdhamini wa Goti la Restituta

Kwenye kambi ya wakimbiaji walikuwa na sheria moja tu kwa sisi wazazi, nayo niliivunja mimi. Sikuivunja kwa ujeuri. Niliivunja kwa kunyamaza. Ndiyo maana nimekaa hapa na daftari alilobakiza mtoto, mimi niliyeishia darasa la saba, naandika polepole, ili wewe mama mwenzangu utakayeitwa kesho kufungwa mkanda ujue kabla hujafungwa.

Siku ya kwanza walituketisha kwenye benchi ukumbini, mimi na binti yangu Restituta. Alikuwa na miaka kumi na saba na goti la kulia lililofanyiwa upasuaji. Dada wa tiba ya viungo, Veneranda, alipiga magoti mbele yetu na mikanda miwili, laini kama ngozi ya ndama. Mmoja akaufunga kwenye paja la kulia la Resti. Wa pili akaufunga kwenye paja langu, palepale.

"Mama Resti, umewahi kuumwa goti?" akaniuliza.

"Nina ng'ombe watatu na kilima, dada. Uliza ambacho hakijaniuma."

Kocha Qamara, mzee mrefu wa maneno machache, alicheka puani. Resti akanikanyaga mguu chini ya benchi, kwamba mama usianze.

Veneranda akamwambia Resti asimame kwa mguu wa kushoto. Ukutani ikatokea picha ya miguu yake bila ngozi, nyama tupu, nami nikageuza uso kidogo maana si kitu cha mama kuona. Paja la kushoto likawaka jekundu kama jiko lililokolea. Kisha akamwambia asimame kwa wa kulia. Paja la kulia likawa jivu, na kaa moja linalopepesa.

"Goti limepona tangu mwezi wa nne," Veneranda akasema. "Msuli upo na nguvu ipo. Lakini ubongo umeogopa. Ukisikia maumivu kidogo tu unaukatia msuli umeme, kama mwenye nyumba anavyomkatia mpangaji. Resti akijilazimisha, mguu wa kushoto ulio mzima unafanya kazi ya miguu miwili, na huu unazidi kulala."

"Sasa mkanda unafanya nini?"

"Unachukua maumivu ya goti lake kabla hayajafika kwenye ubongo wake. Unayaleta kwako."

Nikamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Zamani walikuwa wanayazima tu," akaendelea. "Vijana wakakimbia juu ya mifupa iliyopasuka, huku wanaimba. Wengine hawatembei mpaka leo. Ndipo ikatungwa sheria: maumivu hayazimwi, yanahamishwa. Lazima akae nayo mtu anayempenda mwenye mwili. Huyo tunamwita mdhamini."

"Kwa nini lazima ampende?"

"Ili apige kelele mapema."

Hayo maneno niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Naomba uyasikie na wewe.

Akanionyesha kitufe kwenye mkanda wangu, kikubwa kama kifungo cha koti. Kila baada ya zoezi kocha ataniuliza maumivu ni ngapi kati ya kumi. Nitasema. Ikifika sita, nabonyeza, mikanda yote inazima, na zoezi limekwisha siku hiyo.

"Mashine yenu haioni yenyewe?" nikauliza.

"Mashine inaona msuli umefanya kazi kiasi gani. Maumivu haiyaoni. Kuuma kunasemwa kwa mdomo, mama."

Nikaweka kidole gumba pale pa kuweka. Wiki sita zilizokuwa mbele ndizo zilizobaki kabla ya mchujo wa timu ya taifa ya vijana. Resti alikuwa na nafasi moja. Mwaka unaofuata umri wake ungekuwa umepita.

*

Mazoezi yenyewe ukiyatazama utasema ni mchezo. Kuna kisanduku cha mbao, kimo cha goti. Resti anakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, anapanda, wa kushoto unaning'inia tu, anashuka pole kama mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Mara kumi. Kisha anaweka mguu wa nyuma juu ya benchi na anachuchumaa kwa wa mbele. Kisha anainama kwa mguu mmoja mpaka chuma kinagusa sakafu, na anarudi. Mkononi ana chuma, wiki ya kwanza cha kilo nne, ya pili sita.

Na mimi nimeketi kwenye kiti cha plastiki nikiwa nimevaa sweta na kanga, kazi yangu ni kuumwa.

"Mdhamini, ngapi?" kocha anauliza.

"Moja."

"Mdhamini?"

"Mbili, kocha. Kama kiatu kipya."

Siku ya nne Veneranda alikuwa anakuna kichwa mbele ya ukuta. Paja lilikuwa limeanza kuwaka vizuri, mbele na nyuma, lakini kijisuli kimoja cha pembeni ya kalio kilikuwa bado jivu. Akasema hicho ndicho kinachozuia nyonga isianguke upande mtu akisimama kwa mguu mmoja, na mbio zote ni kusimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Resti alikuwa ameshika chuma mkono wa kulia, upande uleule wa mguu uliosimama.

"Mpe chuma mkono wa pili," nikasema.

Wakanigeukia.

"Mimi nikibeba ndoo kwa mkono wa kushoto, inayochoka ni nyonga ya kulia. Nikihamisha mkono, na uchovu unahama. Miaka ishirini sasa."

Veneranda akamwambia Resti ahamishe chuma kushoto na apande tena. Pembeni ya kalio la kulia pakawaka kama mtu amepuliza kaa.

"Mama umesomea wapi hii?" kocha akasema.

"Kwenye ndoo."

Resti alicheka mpaka akashuka kwenye kisanduku. Siku ile tulirudi nyumbani ameshika mkono wangu njia nzima, kitu ambacho alikuwa ameacha tangu darasa la tano. Nashukuru kwa siku ile. Hata yaliyofuata hayajaiharibu.

*

Mikanda tulikaa nayo mchana kutwa, kwa sababu Veneranda alitaka mguu uzoee kutembea bila woga. Tunavua tukishajilaza tu, maana goti lisilobebeshwa mzigo haliumi, na tunavaa kabla ya kukanyaga chini. Kwa hiyo nilipanda kilima na goti la mwanangu, nikakamua ng'ombe na goti la mwanangu. Yeye alikuwa mwepesi kama mbuzi. Alikuwa anaruka mfereji kwa mguu ule ule, kisha ananitazama.

"Nimekuumiza, mama?"

"Ruka tu."

Wiki ya tatu wakampa kilo kumi. Alipopanda mara ya saba nilisikia kitu chini ya kile kifuniko cha goti, kama kamba ya katani inayokatika uzi mmojammoja. Jasho likanitoka kwapani na baridi yote ile. Nikahesabu kichwani. Ilikuwa sita. Nikisema ukweli wangu mbele ya Mungu, ilikuwa sita na nusu.

"Mdhamini, ngapi?"

Nikamwona Resti juu ya kisanduku, uso unang'aa, mguu wa kulia umesimama wima kama nguzo. Tangu aumie sikuwa nimemwona amesimama hivyo. Na alivyoumia najua mimi, kwa sababu nilimtuma mimi. Asubuhi ya mvua, nikampa kopo la maziwa alipeleke barabarani kwa gari la ushirika, lile linalojiendesha na halimsubiri mtu. Akasema mama njia inateleza. Nikasema gari litaondoka. Akakimbia.

"Tatu," nikasema.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikakitoa.

Labda utanilaumu. Lakini wewe mwenyewe fikiri. Mtoto wako anadaiwa maumivu, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe unaweza kumlipia. Si kwa maombi, kwa mwili wako kabisa. Ni mama gani atasema yanatosha? Sisi huku tulifundishwa hivyo. Nilipokuwa najifungua Resti, mama yangu mzazi alinishika kidevu akasema mwanamke wa ukoo huu hapigi kelele, atamwogopesha anayekuja. Nikauma kanga. Wauguzi wakanisifu. Nilizaa watatu na hakuna jirani aliyejua ni saa ngapi.

Sasa ukamchukue mtu wa namna hiyo, umwambie kazi yake ni kupiga kelele mapema.

Waliotunga ile sheria walidhani anayependa sana ndiye atakayesema haraka. Hawakuwauliza wanaopenda.

*

Wiki ya nne nilianza kuchechemea. Nyumbani huku tuna zile nyavu za juu ya mlima zinazokamua maji kutoka kwenye ukungu, na tangi lipo, ila bomba halijafika kwetu, kwa hiyo ndoo bado ni ndoo. Hiyo ndoo ikawa kinga yangu.

"Mama, unachechemea," Resti akasema akiwa jikoni anachambua maharage ya makande.

"Nyonga tu. Si unajua, nabeba mkono wa kushoto, kulia kunachoka. Ndiyo yale yale ya kalio lako."

"Hamisha mkono basi."

"Nitahamisha."

Akarudi kwenye maharage. Nikajiona nina akili.

Na nikahamisha kweli, maana mkono wa kushoto ulikuwa umeota malengelenge. Alhamisi moja jioni nilitoka kwenye tangi na ndoo mkono wa kulia, na Resti alikuwa mlangoni anafunga viatu. Alinitazama nikishuka mpaka nikafika. Alichukua ndoo, akaingia ndani nayo. Nikasema moyoni, mtoto amekua, ananisaidia.

Kambini nilikuwa nasema tatu, mara nyingine nne ili isionekane imekaririwa. Ukutani mguu wote ulikuwa unawaka. Kocha Qamara alisema hajawahi kuona mguu ukiamka kwa kasi ile. Resti alikimbia mizunguko saba na nusu siku ya Jumamosi akapunguza sekunde tisa kwenye muda wake wa kabla ya kuumia. Wakampigia makofi. Na mimi nikapiga, nimekaa, kwa sababu nilikuwa siwezi kusimama.

Veneranda alinijia kwenye kiti siku ile, akachuchumaa.

"Mama Resti. Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Kitu gani, dada?"

"Unatoka jasho."

"Sweta hili zito."

Alikaa pale kidogo. Ndio wakati wangu huo, Mungu alinipa, nikautazama ukapita.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya wiki ya tano. Kilo kumi na mbili, mkono wa kushoto, mguu wa kulia, kisanduku kilekile. Kocha alisema seti mbili, na hizo ndizo za mwisho nzito kabla ya mchujo.

Seti ya kwanza sikuihesabu. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili chini ya kanga. Ile kamba ya katani ilikuwa imebakia nyuzi chache, nilizisikia moja moja. Mdomoni mlikuwa na ladha ya damu, nilikuwa nimejing'ata shavu.

"Mdhamini, ngapi?"

"Tatu," nikasema, na sauti ikatoka nzuri kabisa.

Kocha akaandika. Resti hakushuka kwenye kisanduku. Alisimama pale juu na chuma chake, ananitazama.

"Mama."

"Endelea na zoezi, mwanangu."

"Alhamisi ulibeba ndoo mkono gani?"

"Ndoo gani sasa? Kocha anakusubiri."

"Ulibeba mkono wa kulia. Nilikuwa mlangoni. Mkono wa kulia ungekuchosha nyonga ya kushoto. Wewe ndiye uliyetufundisha." Alikuwa anasema taratibu, kama anayesoma ubaoni. "Mbona ulichechemea kulia?"

Kocha aliinua kichwa kutoka kwenye kibao alichokuwa anaandikia.

"Kuzeeka huko," nikasema. "Huku kote kunauma."

"Mama, ngapi?"

"Nimeshasema tatu."

Resti akashuka, akaweka chuma sakafuni, akaketi kwenye kisanduku. Veneranda alishaanza kuja. Resti hakumsubiri. Alipenyeza vidole chini ya mkanda wake akaufungua mwenyewe, kitu ambacho wanatukataza, na mguu wangu mimi ukawa mwepesi ghafla, mtupu, kama nyumba iliyohamwa. Mpaka leo naona aibu kwa jinsi nilivyostarehe wakati ule.

Maumivu yalirudi kwa mwenyewe. Nilimwona yakimfika. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu, macho yakajaa. Kisha akapiga ukelele, ule ambao mimi sikuupiga nilipomzaa yeye. Wasichana wawili waliokuwa nje kwenye uwanja walikuja mbio.

Alipopata pumzi alinishika kanga kwa nguvu, akanivuta karibu.

"Hii ni tisa," akasema. "Mama, hii ni tisa. Umekaa na tisa tangu lini?"

Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nilidhani nimepona," akasema. "Nimekuwa naruka mfereji."

*

Walimpiga picha ya goti mchana huohuo. Kano iliyo chini ya kifuniko cha goti ilikuwa imechanika zaidi ya nusu ya upana wake. Veneranda alinionyesha, akanieleza kwa upole kuliko nilivyostahili. Kwamba woga wa mwanzo ulikuwa wa bure, msuli ulikuwa unaogopa goti lililopona, na mkanda uliuondoa, ndio kazi yake. Lakini kuanzia wiki ya tatu yalikuwa ni maumivu mengine. Yalikuwa yanasema kweli. Msuli uliamka haraka kuliko kano, ukaanza kuivuta, na kano ikaita. Iliniita mimi.

"Seti ya pili ingefanya nini?" nikamuuliza.

"Ingemaliza."

"Ingekatika yote?"

"Yote, mama. Na kifuniko kingepanda juu ya paja."

Nilimwambia kila kitu, kuanzia ile sita na nusu. Nikamwambia anishtaki, najua ipo adhabu kwa mdhamini anayedanganya.

"Nilikuona ukitoka jasho," akasema. "Niliuliza mara moja, nikaridhika na sweta. Muda wake ulikuwa mzuri, na mimi nilitaka uendelee kuwa mzuri." Akaandika taarifa yenye majina mawili, langu na lake. Kocha Qamara akaichukua, akaisoma, akaongeza la tatu kwa kalamu yake. Hakuna aliyemlazimisha. Ninawashukuru hao watu wawili. Wangeweza kuniachia mzigo wote, na ningeubeba, maana ndiyo kazi niliyoizoea.

Mchujo ulifanyika bila Resti. Tuliusikiliza kwenye redio, mlango umefungwa. Aliyeshinda alikuwa na muda mbaya kuliko ule wake wa Jumamosi. Resti alizima redio akaenda kutoa samadi, kwa magongo, na sikumzuia.

Alinikasirikia miezi miwili. Hakunitukana, alinisalimia kila asubuhi, shikamoo mama, na basi. Siku moja tu alisema, akiwa amenipa mgongo: "Ulinichukulia goti langu. Lilikuwa linasema na mimi, ukaliziba mdomo kwa huruma." Nilitaka kumwambia habari ya kopo la maziwa. Nikamwambia. Alisema alishasahau kwamba ni mimi niliyemtuma. Yeye alikumbuka kwamba alikimbia.

*

Sasa ni mwezi wa tisa tangu ile Jumanne. Kano imeshikana. Mikanda tumerudisha, na Veneranda anakuja kwetu kila Ijumaa kwa miguu yake, hajatumwa na mtu. Resti anafanya zoezi kwenye ngazi ya jiwe ya mlangoni. Badala ya chuma ana dumu la lita tano lenye mchanga, si kamili, robo tatu, ameshika mkono wa kushoto. Anapanda kwa mguu wa kulia. Anashuka pole. Hakuna picha ukutani ya kuonyesha kinachowaka. Anaweka kiganja pembeni ya kalio na kwenye paja, anasikiliza.

Kila baada ya kumi anasema mwenyewe, kwa sauti, hata kama hakuna mtu. "Mbili." "Mbili." "Tatu." Jana alifika nne akakaa chini, akamimina mchanga kidogo kwenye ua, akaanza upya. Hataiona tena timu ya vijana. Anasema kuna ya wakubwa. Sijui. Mimi nashukuru kwa huo mguu unavyopanda jiwe, nashukuru kwa kila namba inayotoka mdomoni mwake, hata zile kubwa. Hizo kubwa zaidi.

Basi mama mwenzangu, wakikufunga mkanda, usiende kule kuonyesha unavyovumilia. Hawakukuita kwa uvumilivu. Ukisikia sita sema sita, hata mtoto akikulilia, hata kocha akikunja uso. Na kama unajijua kwamba huwezi, kama ulilelewa kama mimi, mwambie dada wa viungo atafute mtu mwingine, shangazi mwenye kelele, jirani mlalamishi. Huyo ndiye mdhamini.

Jana jioni nilikuwa natoka kwenye tangi na ndoo, mkono wa kushoto. Resti alikuwa kwenye jiwe lake.

"Mama," akaita. "Nyonga ngapi?"

"Si kitu," nikasema. Ulimi una mazoea yake.

Alisimama kwa mguu ule mmoja, dumu mkononi, anasubiri, na nikajua kabisa kwamba hatashuka mpaka nijibu. Nikaitua ndoo. Nikaisikiliza nyonga yangu, yangu mwenyewe, ambayo sikuwahi kuiuliza.

"Tano," nikasema. "Asubuhi ilikuwa sita."

Akashuka pole, kama walivyomfundisha, akaweka dumu chini, akaja akashika mpini wa ndoo upande wa pili.